Kabureta Inaposingiziwa: Uchambuzi wa Hitilafu za Mafuta katika Pikipiki

Pikipiki nyingi zinazobeba abiria na mizigo katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki, iwe ni zile zilizoundwa kwa kufuata umbo la Honda CG125 ya miaka ya 1970, iwe ni Bajaj Boxer na TVS HLX zitokazo India, zina injini ya silinda moja yenye ujazo wa kati ya sentimita za ujazo 100 na 150, inayopozwa kwa upepo na kulishwa petroli kwa kabureta. India yenyewe iliweka viwango vipya vya moshi kuanzia tarehe 1 Aprili 2020, na viwango hivyo vikazifanya pikipiki mpya za huko kuhamia karibu zote kwenye mfumo wa kupuliza mafuta unaoongozwa na kompyuta ndogo. Hata hivyo, pikipiki za nasaba hiyohiyo zinazoundwa kwa ajili ya soko la Afrika zimeendelea kuja kwa wingi zikiwa na kabureta. Elimu ya kifaa hiki, ambayo kwingineko imekwisha kuwa ya watu wanaofufua vyombo vya kale, huku bado ni elimu ya riziki ya kila siku.

Katika gereji za kando ya barabara, kabureta ndiyo mshukiwa wa kwanza wa karibu kila ugonjwa. Pikipiki ikikataa kuwaka, ikimisi, yaani ikirukaruka kwa kukosa mlipuko mara kwa mara, ikipoteza nguvu mlimani au ikila mafuta kupita kawaida, jibu linalotolewa kabla ya swali lolote ni kwamba kabureta imechafuka, na dakika chache baadaye imefunguliwa, jeti zake zimechokolewa kwa waya na skrubu zake zimezungushwa bila kuhesabiwa. Mara nyingine pikipiki hupona, kwa kuwa ni kweli kabureta huchafuka. Lakini mara nyingi chanzo kiko mahali pengine, katika tangi, katika mfuniko, katika mpira wa hewa au katika umeme wa plagi, na kabureta iliyokuwa nzima hutoka mikononi mwa fundi ikiwa na ugonjwa ambao haikuingia nao. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba kabureta ifunguliwe mwisho, baada ya ushahidi kuonyesha kuwa ndiyo yenye kosa, na kwamba ushahidi huo hupatikana kwa vipimo vichache visivyohitaji zana ghali.

Haraka ya kufungua ina sababu yake, na si haki kumtupia fundi lawama zote. Dereva wa bodaboda asiyemiliki chombo anadaiwa hesabu na tajiri wake kila siku, awe amepata abiria au hajapata, hivyo kila saa ambayo pikipiki imesimama gereji inakatwa katika chakula cha nyumbani kwake. Dereva wa namna hiyo anataka kuona mkono wa fundi ukifanya kazi, naye fundi anayesimama kutazama, kuuliza na kunusa huonekana hajui kazi. Kwa hakika huyo anayeuliza kwanza ndiye anayemwokolea dereva muda, kwa sababu swali la ni lini hitilafu inatokea, injini ikiwa baridi au moto, akseleta ikiwa imevutwa kidogo au hadi mwisho, huondoa nusu ya uwezekano kabla spana haijaguswa.

Ili maswali hayo yawe na maana, kazi ya kabureta haina budi kueleweka kwa usahihi. Petroli katika hali ya umajimaji haiwaki vizuri ndani ya silinda. Inapaswa kusagwa iwe ukungu na kuchanganywa na hewa kwa uwiano unaokaribia gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Kabureta hufanya hivyo kwa kutumia kanuni iliyofafanuliwa na Daniel Bernoulli mwaka 1738 na kuchunguzwa zaidi na Giovanni Battista Venturi mwaka 1797, kwamba hewa inapopita mahali pembamba huongeza kasi na kupungukiwa kanieneo, yaani nguvu yake ya kusukuma kila upande. Pistoni ya injini inaposhuka, hewa hukimbilia ndani kupitia koo la kabureta, na katika koo hilo kanieneo hushuka chini ya ile ya hewa ya nje. Petroli iliyotulia katika kikombe cha chini hubanwa na hewa ya nje, nayo hupanda kupitia vitundu vilivyopimwa, vinavyoitwa jeti, hadi kwenye koo. Hivyo injini hainyonyi petroli moja kwa moja. Petroli husukumwa na uzito wa hewa iliyo juu ya kikombe. Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo linaloeleza kwa nini kijitundu cha pumzi cha kikombe kikizibwa na tope injini hukosa mafuta ilhali kikombe kimejaa.

Kina cha petroli ndani ya kikombe hulindwa na boya, kipande chepesi cha plastiki au shaba nyembamba kinachoelea na kuinua sindano fupi ya kuziba njia ya mafuta kikombe kinapojaa. Juu ya kikombe mafuta hugawanyika katika njia mbili kuu. Njia ya jeti ndogo hulisha injini ikiwa kwenye sailensi, yaani mzunguko wa taratibu ambao akseleta haijavutwa, na huendelea kutawala hadi takriban sehemu moja ya nane ya mvuto. Njia ya jeti kubwa hufanya kazi pamoja na sindano ndefu iliyoning'inia katika pistoni ya kabureta, ile inayopandishwa na waya wa akseleta. Kati ya robo na robo tatu ya mvuto, unene wa sindano hiyo ndio unaoamua kiasi cha mafuta, na kuanzia robo tatu hadi mwisho jeti kubwa yenyewe ndiyo inayoamua. Baina ya jeti ndogo na sindano ndefu kuna eneo fupi ambamo mkato ulio chini ya pistoni huwa na usemi mkubwa.

Mgawanyo huu ndio ufunguo wa utambuzi wote. Pikipiki inayozimika kwenye taa za barabarani lakini inakimbia vizuri ikishaondoka ina tatizo katika njia ndogo, na kuchokoa jeti kubwa hakutaisaidia. Pikipiki yenye sailensi tulivu inayokosa nguvu pale tu akseleta inapovutwa hadi mwisho ina tatizo katika jeti kubwa, au haifikiwi na mafuta ya kutosha kutoka tangini. Fundi anaweza kubandika kipande cha plasta kwenye kishikio cha akseleta, akaweka alama za robo, nusu na robo tatu, kisha akamwomba dereva aendeshe na kutaja alama ambapo pikipiki inaanza kuchechemea. Kipimo hiki hakigharimu chochote na hutoa jibu ambalo kufungua kabureta hakuwezi kutoa.

Ushahidi mwingine uko kwenye plagi na kwenye skrubu ya kumwagia mafuta iliyo chini ya kikombe. Kwa pikipiki isiyowaka kabisa, plagi ifunguliwe baada ya kupiga kiki mara kadhaa. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki kwenye silinda. Ikiwa imelowa na kunuka petroli, mafuta yanafika, hivyo kosa liko katika cheche, katika mgandamizo wa injini, au mafuta yamefurika. Plagi ikiwa kavu, skrubu ya kikombe ifunguliwe juu ya chombo cha kioo huku koki ya tangi ikiwa wazi. Mafuta yakitiririka mfululizo, njia ya kutoka tangini ni safi na kosa liko ndani ya kabureta. Yakitoka kidogo kisha yakakatika, mara nyingi kosa liko juu yake, na kabureta isiguswe kwanza.

Mafuta hayo yaliyomwagwa katika kioo yanastahili kutazamwa kwa makini. Petroli ina densiti ya takriban kilo 0.74 kwa lita, hivyo maji, yaliyo mazito zaidi, hukaa chini yake yakiwa matone ya duara yanayoteleza kwenye kitako cha kioo bila kuchanganyika. Tone moja kubwa likizamia kwenye jeti ndogo linatosha kuizima injini, kwa kuwa maji hayapiti kwa urahisi katika tundu jembamba kama petroli inavyopita. Chembe za rangi ya kahawia ni kutu ya tangi, chembe nyeusi laini mara nyingi ni mpira wa mafuta unaomomonyoka kwa ndani, na utando wenye kunata ulio na rangi ya asali ni petroli iliyolala kwa miezi, ambayo sehemu zake nyepesi zimepaa hewani na zilizobaki zimeganda. Kila moja kati ya hizo inataja chanzo chake, na anayesafisha kabureta bila kwenda kwenye chanzo atakuwa akiisafisha tena wiki ijayo.

Tangi linahitaji kuzungumzwa kwa urefu kwa sababu ndilo linalosahaulika. Mfuniko wake una tundu dogo la pumzi linaloruhusu hewa kuingia kadiri mafuta yanavyopungua. Tundu hilo likizibwa na vumbi, tope au kipande cha nailoni kilichowekwa kuzuia mvua, ombwe hujengeka ndani ya tangi, mafuta hukataa kushuka, na injini hufifia baada ya kilomita kadhaa kana kwamba petroli imekwisha. Dereva akisimama kwa dakika kumi hewa hupenya polepole, pikipiki huwaka tena na kwenda umbali uleule kabla ya kufifia upya. Kipimo chake ni kufungua mfuniko pale inapozima: ukisikika mlio wa hewa ikiingia na pikipiki ikawaka papo hapo, kosa limepatikana.

Koki ya mafuta nayo ina mirija miwili ndani ya tangi, mmoja mrefu unaotumika katika hali ya kawaida na mwingine mfupi unaoteka mafuta karibu kabisa na kitako kwa ajili ya akiba. Muundo huu ulikusudiwa mtu anayejaza tangi na kugusa akiba mara chache. Bodaboda nyingi haziishi hivyo, kwa sababu dereva hununua mafuta ya fedha aliyoipata kwa abiria wa mwisho, lita moja au pungufu, na koki hukaa kwenye akiba mwaka mzima. Matokeo yake ni kwamba pikipiki hunywa daima kutoka mahali ambapo maji na kutu hukusanyika, na sehemu kubwa ya ukuta wa tangi hubaki na hewa yenye unyevu unaogeuka matone usiku na kuzalisha kutu zaidi. Hapa uchafu wa kabureta una mizizi katika kipato, na ushauri wa kujaza tangi haumfikii asiye na fedha ya kulijaza. Kinachowezekana ni kuweka chujio dogo linaloonekana ndani kwenye mpira wa mafuta, kulibadilisha kabla halijaziba, na kushusha tangi mara moja au mbili kwa mwaka likasuuzwe kwa petroli safi. Chujio hilo liwe la pikipiki, kwani mafuta hushuka kwa uzito wake tu bila pampu, na chujio zito la gari linaweza kuyazuia.

Ubora wa petroli yenyewe ni suala ambalo serikali za eneo hili zimelihangaikia kwa miaka. Uchakachuaji, yaani kuchanganya petroli na mafuta ya taa, ulishamiri kutokana na tofauti ya kodi iliyofanya mafuta ya taa kuwa rahisi. Tanzania, kupitia EWURA, mamlaka yake ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba, yaani kemikali za utambulisho, katika mafuta ili yaliyochakachuliwa yatambulike, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Kenya nayo mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa lengo hilohilo. Hatua hizi zilikuwa na gharama chungu kwa kaya zinazopikia na kuwashia taa kwa mafuta hayo. Katika injini, mafuta ya taa huchelewa kugeuka mvuke, hivyo pikipiki huwa ngumu kuwaka asubuhi, hugonga ikipanda mlima ikiwa na mzigo, hutoa moshi wenye harufu nzito, na sehemu isiyoungua hupenya hadi kwenye oili na kuipunguzia utelezi. Kipimo cha kienyeji ni kudondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hupaa na kuacha karatasi bila doa la mafuta, ilhali iliyochanganywa huacha baka linalong'aa. Kipimo hiki hakitoi kiwango, lakini kinatosha kumfanya mtu abadilishe mahali anaponunua, hasa anayetegemea mafuta ya chupa yaliyoanikwa juani kando ya njia.

Iwapo njia yote hadi kabureta ni safi na kikombe kinajaa, ndipo kabureta yenyewe ichunguzwe, na kosa la kwanza kutafutwa ni la boya. Kabureta inayotiririsha petroli kwenye mpira wake wa kufurikia ina sindano ya boya isiyoziba, ama kwa sababu kumenasa chembe ya uchafu, ama ncha yake ya mpira imelika na kuacha pete inayoonekana ukiielekeza kwenye mwanga, ama boya limetoboka na kujaa petroli. Boya la namna hiyo likitikiswa karibu na sikio husikika likicheza maji. Kufurika si suala la upotevu wa mafuta tu. Petroli inaweza kuteremka hadi kwenye silinda na kuingia katika oili, hivyo pikipiki iliyofurika usiku kucha isiwashwe kabla kijiti cha oili hakijanuswa na kina chake kutazamwa, na oili yenye harufu ya petroli imwagwe. Boya lililopinda kiasi cha kufunga njia mapema hufanya kinyume, yaani hukiacha kikombe na kina kidogo, kiasi kwamba pikipiki hukosa pumzi kwenye mwendo mrefu.

Jeti ndizo zinazotendewa ukatili mkubwa kuliko vyote, na hapa uchambuzi unapaswa kuwa mkali. Jeti ndogo ya Keihin yenye namba 38 ina tundu la kipenyo kinachokaribia milimita 0.38, lililotobolewa katika shaba nyeupe au ya njano ambayo ni laini mno. Fundi anayepitisha waya wa breki ya baiskeli, au sindano ya chuma, na kulipanua tundu hilo hadi milimita 0.42, ameongeza kipenyo kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, lakini eneo la tundu, ambalo ndilo linalopitisha mafuta, limekua kwa zaidi ya asilimia 20. Pikipiki hiyo itawaka, dereva ataondoka akishukuru, na kuanzia siku hiyo itakuwa inakula mafuta, plagi yake itakuwa nyeusi, na hakuna skrubu itakayoirudisha ilivyokuwa. Jeti isafishwe kwa kulowekwa katika dawa ya kabureta au petroli safi, kisha ipulizwe kwa upepo wa kompresa kutoka upande wa kutokea mafuta. Uchafu ulioganda usipokubali, jeti mpya inunuliwe, kwa kuwa bei yake ni ndogo ukilinganisha na petroli itakayoungua bure kwa mwezi mmoja tu. Kuosha mwili wa kabureta bila kutoa vipande vya mpira nako ni kosa, kwa kuwa dawa kali huzivimbisha oringi na kuziharibu.

Skrubu ya mchanganyiko imezaa mkanganyiko mwingi kwa sababu iko ya aina mbili zinazofanya kazi kinyume. Ikiwa upande wa chujio la hewa, huwa inapima hewa, na kuikaza huufanya mchanganyiko kuwa mzito, yaani wenye petroli nyingi. Ikiwa upande wa injini, huwa inapima mafuta, na kuikaza huufanya kuwa mwepesi. Kabla ya kuitoa, ikazwe taratibu hadi iguse mwisho huku mizunguko ikihesabiwa na kuandikwa, nayo isibanwe kwa nguvu kwa sababu ncha yake hukatika au huchimba kiti chake. Kabureta nyingi za pikipiki ndogo hutulia skrubu hiyo ikiwa imefunguliwa mzunguko mmoja na nusu hadi miwili na nusu. Urekebishaji hufanywa injini ikiwa imepata moto: huzungushwa kidogo kidogo hadi sailensi ipande kufikia kilele, kisha skrubu ya kasi hushushwa. Ikiwa kuizungusha hakuleti badiliko lolote, jeti ndogo imeziba au kuna hewa inayoingia mahali pengine.

Hewa hiyo ya wizi ni ugonjwa unaofanana mno na uchafu wa jeti. Mpira au gasketi inayounganisha kabureta na injini hupasuka kwa joto na mtikisiko, hewa isiyopimwa ikaingia, mchanganyiko ukawa mwepesi, na dalili zake zikawa sailensi inayopanda na kushuka yenyewe, milipuko midogo kwenye ekzosi akseleta inapoachiwa, plagi nyeupe kama chokaa na injini inayopata joto kupita kiasi. Wapo wanaopima kwa kunyunyizia petroli kwenye kiungo hicho injini ikiunguruma, desturi iliyo karibu sana na kujichoma moto. Maji kidogo yaliyonyunyizwa hutosha, kwa kuwa yakiziba ufa kwa sekunde moja mlio wa injini hubadilika. Mchanganyiko mwepesi haupaswi kuvumiliwa eti kwa sababu pikipiki inakula mafuta kidogo, maana joto lake hutoboa pistoni na kuunguza valvu. Mchanganyiko mzito, kwa upande wake, hutangazwa na moshi mweusi, masizi makavu kwenye plagi na harufu ya petroli, na chanzo chake cha kawaida ni chujio la hewa lililojaa vumbi au choki iliyonasa nusu njia. Kulitupa chujio ili injini ipumue, kama inavyofanyika katika barabara za vumbi, huingiza mchanga ndani ya silinda na kuila kwa miezi michache.

Pamoja na hayo yote, sehemu kubwa ya lawama zinazobandikwa kabureta ni za umeme na valvu. Tofauti husikika na anayesikiliza: hitilafu ya mafuta hufifisha injini polepole, kama mtu anayeishiwa pumzi, wakati hitilafu ya cheche huikata ghafla na kuirudisha ghafla. Plagi mpya au inayojulikana kuwa nzima iwekwe kwanza, kwani hicho ndicho kipimo rahisi kuliko vyote. Valvu zilizobana, ambazo nafasi yake katika injini za jamii ya CG125 ni sehemu ndogo kuliko moja ya kumi ya milimita, hupoteza mgandamizo injini ikipata moto, na pikipiki iliyowaka vizuri asubuhi hukataa mchana. Dereva hudhani petroli inachemka ndani ya kabureta, kumbe ni valvu isiyofunga.

Mwinuko wa nchi nao una sehemu yake. Katika mwinuko wa mita 2,000, ambao ni takriban ule wa Njombe na Eldoret, hewa ina densiti iliyopungua kwa karibu asilimia 18 ikilinganishwa na ya pwani. Kabureta hupima ujazo bila kujua uzito, hivyo mchanganyiko huwa mzito kwa takriban asilimia 10. Pikipiki inayoishi huko inafaa kuwekewa jeti kubwa ya namba ndogo kidogo, au kibanio cha sindano ndefu kisogezwe kijino kimoja juu ili sindano ishuke. Inayoteremshwa Tanga au Mombasa ikiwa na jeti za mlimani hukosa mafuta, na hili ni la hatari zaidi kwa sababu ya lile joto lililotajwa.

Jambo moja linalohusu mwili wa fundi halistahili kupitwa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na petroli huweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, hivyo jiko la mkaa la mama lishe lililo hatua chache kutoka gereji ni jirani wa hatari. Kunyonya petroli kwa mdomo ili kuitoa tangini ni kubaya zaidi kuliko wengi wanavyofahamu: tone linaloponyoka kuingia mapafuni huweza kuleta uvimbe wa mapafu unaoua, na aliyeimeza asitapishwe, kwa kuwa kutapika huipeleka mapafuni kwa mara ya pili. Vijana wanaojifunza kazi ndio wanaotumwa kufanya hivyo. Mpira wa koki ukichomolewa na kuelekezwa katika dumu, mafuta hushuka yenyewe.

Zipo kabureta ambazo kweli zimefika mwisho. Katika zile za ombwe, ambazo pistoni yake hupandishwa na utando wa mpira badala ya waya, utando ukitoboka hata kwa tundu la sindano pikipiki hubaki na sailensi nzuri lakini hukataa kupanda resi, na ni lazima ubadilishwe. Katika zile za kawaida, pistoni inayocheza ndani ya ukuta wake uliolika hupitisha hewa pembeni, na hakuna marekebisho yanayoweza kuitibu. Kabureta mpya za bei nafuu zinazouzwa madukani nazo hazistahili kuaminiwa kwa sura, kwa kuwa namba iliyochongwa kwenye jeti ya kuiga si lazima ilingane na tundu lake. Ikishafungwa, plagi iangaliwe baada ya safari fupi ya mwendo wa kawaida. Na kama jeti za kabureta ya zamani hazijawahi kuguswa na waya na ni za muundo uleule, zihamishiwe kwenye mpya, kwani huenda ndizo pekee zilizopimwa sawasawa kati ya hizo mbili.